Wikendi ya Kula Mombasa: Maswali ya Kuulizwa Kabla ya Moto Kuwashwa

Wako waendao Mombasa kuogelea, na wako waendao kupunga upepo. Wako pia, na si wachache, waendao kula. Hao huondoka Nairobi, Nakuru au Eldoret siku ya Ijumaa wakiwa na orodha kichwani: mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, biriani mchana, samaki wa kupaka usiku, na katikati yake viazi karai, mihogo ya kukaanga iliyonyunyiziwa pilipili na ndimu, madafu, na kahawa chungu kwa kashata. Jumapili jioni huwa wamo njiani kurudi. Ukihesabu vizuri, safari ya namna hiyo ina milo sita ya maana, pengine saba. Ni safari fupi kiasi kwamba kosa moja tu laweza kuila nusu yake.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya msafiri huyo. Hayataji mkahawa ulio bora kuliko mwingine. Hilo si jukumu la Mamlaka, na watu wa Mombasa wenyewe hawajawahi kuafikiana juu ya jambo hilo. Yanaeleza mahali ambapo fedha na afya hupotea katika safari ya kula, na namna ya kuzinusuru. Malalamiko ya wasafiri hufanana sana: nyumba iliyolipiwa lakini haipo, samaki aliyegharimu maradufu ya alivyodhaniwa, tumbo lililoharibika Jumamosi usiku. Katika kila mojawapo lilikuwapo swali fupi ambalo lingemwokoa mtumiaji, na mara nyingi lilikuja kuulizwa baada ya fedha kutoka au chakula kuliwa.

Katika nchi jirani ya Tanzania, mtumiaji wa bidhaa na huduma huitwa mlaji, hata akinunua betri au simu. Sisi huku tumezoea kusema mtumiaji. Kwa safari hii, hata hivyo, neno la majirani zetu ndilo lifaalo zaidi.

Kuchagua wikendi

Si kila wikendi ni sawa. Katika mwezi wa Ramadhani, mikahawa mingi ya Mji wa Kale na mitaa inayouzunguka hufungwa mchana, na asiyejua hilo hujikuta akizunguka juani bila chakula. Lakini huyo huyo akivuta subira hadi magharibi atayaona mapishi ambayo miezi mingine hayaonekani kwa wingi huo: kaimati, vibibi, mkate wa sinia, mkate wa kumimina, sambusa zinazotoka mafutani muda huo huo. Mwenye kutaka kula mchana na achague mwezi mwingine. Mwenye kutaka kuona jiji likila usiku kucha na aje Ramadhani. Ijumaa, kwa upande wake, ni siku ya biriani katika nyumba na mikahawa mingi, lakini wakati wa swala ya adhuhuri maduka mengi hufungwa kwa muda. Msafiri anayefika mchana huo na apange chakula chake kabla au baada ya swala.

Jambo la pili ni upepo. Wakati wa kaskazi, takriban kuanzia Desemba hadi Machi, bahari huwa tulivu na wavuvi wa vyombo vidogo hutoka kwa wingi. Wakati wa kusi, hasa kati ya Mei na Septemba, bahari huchafuka, vyombo vingi hubaki ufukweni, na samaki huadimika. Kwa hiyo muuzaji akikuambia mwezi wa Julai kwamba pweza amepanda bei, yaelekea hakudanganyi. Hata hivyo, kupanda kwa bei hakumwondolei wajibu wa kukutajia bei yenyewe. Tutalirejea hilo.

Desemba ina faida ya bahari tulivu na hasara ya umati. Vyumba hupanda bei, na tikiti za treni ya Madaraka Express kutoka Nairobi huisha mapema. Tikiti hutolewa kwa nambari ya kitambulisho cha msafiri, nawe utatakiwa kuonyesha kitambulisho hicho stesheni. Usinunue kwa mtu wa kati anayedai kuwa anazo za ziada. Kumbuka pia kwamba stesheni ya Mombasa iko Miritini, bara, nje ya kisiwa. Gharama ya kutoka hapo hadi mjini ni sehemu ya bajeti, na nauli ya tuk-tuk hupatanwa kabla ya kuketi.

Nyumba ambayo haipo

Wasafiri wengi wa wikendi siku hizi hawalali hotelini. Hukodi nyumba yenye jiko, Nyali au Bamburi, ili wanunue samaki na kujipikia. Mpango huo ni mzuri, na kwa kikundi cha watu wanne au watano huweza kupunguza gharama. Lakini hapo ndipo matapeli walipojenga kambi.

Njia yao ni nyepesi. Picha za nyumba halisi huchukuliwa mahali pengine na kuwekwa pamoja na bei inayovutia. Anayeuliza hujibiwa haraka na kwa adabu. Kisha huambiwa kwamba kuna mteja mwingine aliye tayari, kwa hiyo malipo ya kutanguliza yatumwe leo, kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Akifika Ijumaa usiku na mizigo yake, mlinzi wa jumba hilo hamjui wala hajapata kumsikia mwenyeji wake, na simu imezimwa.

Kabla ya kutuma hata shilingi moja, omba mambo matatu: jina kamili la biashara au la mwenye nyumba, masharti ya kughairi yakiwa yameandikwa, na mazungumzo ya simu ya video ambamo anayekukodisha anatembea kutoka barabarani hadi ndani ya nyumba. Ombi hili la tatu huwaudhi matapeli kuliko mengine yote, na mwenye nyumba halali hana sababu ya kulikataa. Vilevile, biashara za utalii, zikiwamo za malazi, huhitaji leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii chini ya Sheria ya Utalii ya 2011. Kuuliza nambari ya leseni si ufidhuli. Swali hilo hilo na aulizwe mtu anayejitangaza kuwa kiongozi wa matembezi ya vyakula katika Mji wa Kale, kwani viongozi wa watalii nao husajiliwa.

Namna ya kulipa ina uzito wake. Ukilipa kwa nambari ya biashara, jina la biashara hujitokeza na kumbukumbu hubaki. Ukituma kwa nambari ya mtu binafsi, unachobaki nacho ni jina la mtu ambaye pengine hata hakusajili laini hiyo mwenyewe. Soma jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha; likitofautiana na ulilopewa, simama. Na iwapo umekosea nambari, upeleke mara moja ujumbe wa muamala kwa nambari 456 uombe fedha zirejeshwe. Utaratibu huo hufaa kwa aliyekosea nambari na kuwahi, kabla fedha hazijatolewa. Usiuchukulie kuwa ngao dhidi ya tapeli, ambaye kwa kawaida huzitoa papo hapo.

Samaki na mizani

Sehemu hii ni ndefu kuliko nyingine kwa makusudi, kwa sababu hapa ndipo hata waangalifu hujikwaa.

Mwandishi wa makala haya, ambaye kwa kazi yake alipaswa kujua zaidi, aliwahi kuketi na wenzake wanne katika mkahawa mmoja wa ufukweni, kaskazini mwa kisiwa. Menyu iliandika samaki mzima kwa "bei ya msimu". Mhudumu alileta sinia ya samaki wabichi waliopangwa juu ya barafu, akainua tewa mmoja mnene na kusema, "Huyu atawatosha." Alikuwa samaki mzuri, macho yake maangavu, nasi tulikuwa na njaa. Tukaitikia kwa kichwa. Aliletwa akiwa amechomwa kwa mkaa na kupakwa tui zito lenye ukwaju, na haki isemwe, hatukubakisha kitu. Kisha ikaja hesabu: samaki, shilingi 7,800. Tulipouliza, tukaambiwa kwamba alikuwa na uzito wa kilo 2.6, kwa shilingi 3,000 kila kilo. Pengine ni kweli. Pengine si kweli. Kilichokuwa mezani wakati huo ni miiba, na miiba haithibitishi uzito wa samaki. Tulilipa.

Katika tukio hilo mhudumu hakutudanganya kwa neno lolote, na sisi hatukuuliza neno lolote. Nguvu ya mtumiaji mbele ya samaki wa kilo hudumu tangu samaki anapoonyeshwa hadi anapowekwa motoni, na hiyo ni dakika mbili tatu tu. Baada ya hapo hakuna wa kumrudisha barafuni.

Kwanza, uliza kama bei ni ya samaki mzima au ya kilo. Pili, ikiwa ni ya kilo, uliza anapimwa lini: kabla ya kutolewa matumbo, magamba na mashavu, au baada yake. Tofauti si ndogo. Samaki aliyepimwa akiwa mzima hupungua anaposafishwa, na hupungua tena motoni maji yanapomtoka. Kwa hiyo usishangae anapofika mezani akionekana mdogo kuliko alivyokuwa. Kumpima kabla ya kumsafisha si wizi, mradi umeambiwa. Tatu, uliza kama bei hiyo inajumuisha upishi na vya kuandamana navyo. Wali wa nazi, kachumbari na viazi, kila kimoja kikitozwa peke yake, huweza kufikia bei ya samaki wa pili.

Kisha omba apimwe mbele yako. Mizani yoyote inayotumika katika biashara sharti iwe imekaguliwa na kupigwa muhuri na maafisa wa Vipimo. Iangalie kabla samaki hajawekwa: isome sifuri, na ikiwa kuna bakuli juu yake, uzito wa bakuli uwe umeondolewa. Piga hesabu kwa sauti. Tuseme bei ni shilingi 2,400 kwa kilo na samaki ana gramu 1,350: hiyo ni shilingi 3,240. Mwombe mhudumu aiandike tarakimu hiyo kwenye karatasi ya oda. Tendo hilo dogo lina maana kisheria. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inasema kwamba makadirio ya bei yakiwa sehemu ya makubaliano, mtoa huduma hawezi kumtoza mtumiaji zaidi ya makadirio hayo kwa kiwango kinachopita asilimia 10. Makadirio yaliyosemwa kwa mdomo katikati ya kelele za muziki ni vigumu kuyathibitisha. Yaliyoandikwa kwenye oda yanajisemea yenyewe.

Kamba na pweza huhitaji uangalifu huo huo, na zaidi. Kwa kamba, uliza kama uzito ni wa kamba wenye vichwa na maganda. Pweza naye hunywea sana akichemshwa, kwa hiyo kilo ya pweza mbichi si kilo ya pweza wa mchuzi.

Anayetaka kuepuka mashaka haya na kujipikia atanunua sokoni mwenyewe. Marikiti, karibu na Mji wa Kale, inasifika kwa viungo, matunda na mboga. Kongowea, ng'ambo ya Daraja la Nyali, ni soko kubwa la jumla na bei zake huvutia. Samaki hununuliwa vyema asubuhi, karibu na mahali wanapoteremshwa. Macho yawe yamejaa na maangavu, mashavu mekundu, nyama irudi ikibonyezwa, na harufu iwe ya bahari.

Lakini harufu na macho havielezi kila kitu. Jodari na nguru, samaki wapendwao sana pwani, wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa hutengeneza ndani ya nyama yao kemikali iitwayo histamini. Kemikali hiyo haiondoki kwa kupikwa, kukaangwa wala kugandishwa, na samaki mwenyewe huweza kuonekana salama kabisa. Dalili huja upesi, wakati mwingine ndani ya dakika chache: uso kuwaka na kuwa mwekundu, kichwa kuuma, mwili kuwasha, moyo kwenda mbio. Wengi hudhani wana mzio wa samaki. Ukihisi ulimi ukichomwa kama kwa pilipili ilhali samaki hakutiwa pilipili, acha kula na umwarifu mwenye mkahawa. Dalili zikizidi, au pumzi zikikubana, nenda hospitali bila kuchelewa. Kinga ni moja tu: barafu tangu samaki anapotoka majini. Muuzaji aliyepanga jodari juu ya meza kavu saa sita mchana hastahili fedha zako, hata akikupunguzia bei.

Chakula cha barabarani, na habari ya maji

Kuna dhana kwamba chakula cha barabarani ni hatari na cha hotelini ni salama. Dhana hiyo haina msingi wa kutosha. Kiazi karai kinachotoka kwenye mafuta yanayochemka na kuingia mkononi mwako ni salama kuliko sinia ya wali uliowekwa juu ya meza ya hoteli tangu adhuhuri. Linaloamua ni joto, muda na maji.

Kuhusu joto na muda, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni rahisi kukumbuka. Chakula kipikwe hadi joto la ndani lifike nyuzi 70, kikingoja walaji kikae juu ya nyuzi 60, na kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Joto la kawaida la Mombasa, kila aliyefika anajua, si la kuhifadhia kitu. Vyakula vya nazi, yaani mbaazi, samaki wa kupaka na wali wa nazi, huchacha upesi. Wali wa aina zote una hatari yake ya pekee: kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kupikwa, kisha wali ukikaa vuguvugu huamka na kutoa sumu ambayo kupashwa moto upya hakuiondoi. Ndiyo sababu biriani ni chakula cha mchana. Kula sufuria ikiwa imefunguliwa punde. Biriani ya saa nne usiku, iliyobaki tangu adhuhuri, iachie wengine. Unaweza kuuliza kwa heshima, "Bi, hii imeivishwa saa ngapi?" Mpishi anayejivunia kazi yake hujibu kwa furaha.

Kuhusu maji, sharti tulieleze jiji lenyewe kidogo. Mombasa ni kisiwa kilichozungukwa na maji ya chumvi. Maji yake ya bomba husafiri kutoka mbali, kutoka chemchemi za Mzima huko Tsavo na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, wala hayatoshi. Sehemu kubwa ya wakazi na wafanyabiashara hutegemea visima na wachuuzi wa maji. Kwa hiyo swali la usafi wa chakula Mombasa mara nyingi ni swali la maji: ya kuoshea sahani, ya kuoshea mikono, na yaliyogandishwa kuwa barafu. Sharubati ya ukwaju au maji ya miwa yaweza kuwa safi yenyewe na kuharibiwa na kipande cha barafu. Uliza barafu imetoka wapi. Ukikosa jibu, kunywa bila barafu, au kunywa dafu lililokatwa mbele yako. Ukiwa Mama Ngina jioni, ambako familia nzima hukaa zikitazama meli zikiingia bandarini, dafu na muhogo wa moto ni mlo ambao mwandishi haoni wa kuushinda kwa bei yake.

Kuna mambo mengine ya kutazama ambayo hayahitaji swali. Je, kuna maji yanayotiririka ya kunawa, au sahani zote huzamishwa katika beseni moja? Je, anayepokea pesa ndiye anayeshika chakula? Glavu si dhamana. Glavu zinazoshika noti na kisha mishkaki humkinga muuzaji, hazimkingi mlaji. Je, bakuli za pilipili na chatini ya ukwaju zimefunikwa? Mshikaki ukatike na kuonekana umeiva hadi katikati. Na kibanda chenye foleni ya wenyeji, mara nyingi, chakula chake hakikai.

Kisheria, kila anayeshughulikia chakula cha kuuza anatakiwa kuwa na cheti cha uchunguzi wa afya, ambacho huhuishwa kila baada ya miezi 6. Katika mkahawa, cheti hicho na leseni ya biashara huwa mahali pa kuonekana. Maafisa wa afya ya umma wa kaunti ndio wakaguzi, na ndio wa kuarifiwa iwapo umeugua. Ukiwa na mzio wa korosho, karanga au kamba, usiridhike na "hakuna shida". Taja kiungo kwa jina, na uombe swali lipelekwe kwa mpishi mwenyewe, kwani mafuta yaliyokaangia kamba ndiyo yatakayokaangia viazi vyako.

Hesabu inapofika

Katika kibanda bei ni ile uliyotajiwa. Katika mikahawa mikubwa na hoteli, huweza kuongezwa mambo matatu: Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 16, tozo ya utalii ya asilimia 2, na ada ya huduma. Mawili ya kwanza ni ya kisheria kwa biashara zinazohusika. La tatu ni uamuzi wa mkahawa wenyewe, na sharti ulijue kabla ya kuagiza. Soma chini ya menyu, ambako herufi huwa ndogo, uone kama bei zimejumuisha yote. Chakula cha shilingi 2,000 ambacho kodi na tozo hazijahesabiwa ndani yake kitakuwa shilingi 2,360, kabla ya ada ya huduma kuguswa. Ikiwa ada ya huduma imo tayari, bakshishi ni hiari yako kabisa.

Kagua hesabu mstari kwa mstari. Chupa ya maji iliyofunguliwa na kuwekwa mezani bila kuagizwa, kikapu cha mkate, kachumbari ya pili: hivi huingia kimya kimya. Ukiona kosa, liseme papo hapo, kwa utulivu, kabla ya kulipa. Makosa mengi ni ya haraka ya Jumamosi usiku tu, na hurekebishwa bila ugomvi.

Ukitaka kurudi na ladha ya pwani nyumbani, achari, halwa, mabuyu na viungo vya pilau husafiri vizuri. Bidhaa iliyofungashwa kiwandani iwe na alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya na tarehe ya mwisho wa matumizi. Viungo vya kupimwa sokoni vinuse kwanza. Iliki na mdalasini vilivyokaa sana hupoteza harufu, na bizari ya manjano yenye rangi kali kupita kiasi itilie shaka. Beba mfuko wako, kwani mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017. Samaki wabichi waache. Saa tano au sita za treni bila barafu ya kutosha zitakurudisha kwenye habari ya histamini.

Ukidhulumiwa

Ibara ya 46 ya Katiba inampa kila mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupata habari za kumwezesha kunufaika nazo, haki ya kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Ushindani ya 2010 nayo inakataza kumpotosha mtumiaji kuhusu bei au ubora. Haki hizi ni zako uwe umekaa hotelini au kwenye benchi la mbao.

Anza na mwenye biashara. Mweleze kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, kilichotokea na unachodai. Asipokujibu, chagua mlango unaofaa. Mizani ya kutiliwa shaka ni ya maafisa wa Vipimo. Ugonjwa ni wa afya ya umma ya kaunti. Nenda hospitali kwanza upate maandishi ya daktari, kwa sababu bila hayo ni vigumu kuthibitisha ulichokula kilikufanya nini. Biashara ya utalii isiyo na leseni ni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Nyumba isiyokuwapo ni jinai, na mahali pake ni kituo cha polisi, siku hiyo hiyo, ukiwa na nambari ya simu iliyopokea fedha, ujumbe wa muamala na mazungumzo yote. Usiyafute kwa hasira.

Kwa hasara ya fedha ambayo mwenye biashara amekataa kuilipa, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, mdai anaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Hati utakazoulizwa huko ni chache: makubaliano au mazungumzo yaliyoandikwa, uthibitisho wa malipo, na risiti. Risiti nyingi siku hizi huchapishwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto, na ndani ya gari lililoegeshwa juani Mombasa maandishi yake hufutika upesi. Ipige picha kabla hujainuka mezani.